Matembezi ya bustanini: asibaki mtu nyumbani

Kikundi kinapopanga kwenda matembezi, jambo la kwanza kujadiliwa huwa ni nauli, na la pili ni chakula. Kisha huja suala la mwanachama anayetumia kiti cha magurudumu, au bibi ambaye magoti yanamsumbua, au mtoto mwenye kifafa. Mara nyingi jibu hutolewa kwa sauti ya upole: “Afadhali abaki nyumbani, kwa usalama wake.” Kikao huendelea na ajenda nyingine. Mhusika mwenyewe hakuulizwa.

Katika kazi yetu na vikundi tumelisikia jibu hili mara nyingi. Wanaolitoa si watu wabaya. Wanaogopa mtu ataanguka, atazidiwa njiani, au atawalemea wengine. Lakini mtu akibaki nyumbani mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka unaofuata, huo si usalama tena. Ni kutengwa. Wengine hurudi na picha na vicheko, naye hujifunza kwamba kikundi ni chake siku ya kuchanga pesa tu.

Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kupanga matembezi ya bustani ya umma au msitu wa mjini ili kila mwanachama aende na arudi salama. Mifano tumeitoa Nairobi, lakini hatua zenyewe zinaweza kutumika popote.

Bustani ni mali ya nani?

Bustani za umma ni mali ya wananchi wote. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, katikati ya Nairobi. Wangari Maathai, mwanzilishi wa harakati ya Green Belt, aliandika barua nyingi kuupinga. Alidhihakiwa hadharani, lakini jumba halikujengwa. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Leo familia hutembea katika msitu huo kila siku. Mwaka 2004 Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Watu walijitoa mhanga ili maeneo haya yabaki ya wote. Itakuwa ajabu basi kama “wote” hao ni wale tu wenye miguu yenye nguvu na macho yanayoona. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa njia ifaayo katika maeneo yote, na ya kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 unataja burudani, mapumziko na michezo katika kifungu chake cha 30. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo matembezi si anasa wala hisani kwa mtu mwenye ulemavu. Ni haki yake.

Hatua ya 1: Ulizeni wenyewe

Msikisie mahitaji ya mtu. Muulizeni. Watu wawili wanaotumia viti vya magurudumu wanaweza kuwa na mahitaji tofauti kabisa: mmoja anaweza kusimama na kupanda gari mwenyewe, mwingine anahitaji kuinuliwa. Ulizeni faraghani, si mbele ya kikao kizima. Maswali haya yanaweza kusaidia:

• Unaweza kwenda umbali gani kabla ya kuhitaji kupumzika?
• Ni msaada gani unaoutaka, na ungependa nani akusaidie?
• Ni jambo gani watu hufanya wakidhani wanakusaidia, lakini linakuudhi au kukuumiza?
• Unatumia dawa kwa saa maalumu? Kuna chakula usichokula?
• Unahitaji choo cha namna gani?
• Ni jambo gani ungependa kuliona au kulifanya siku hiyo?

Msilisahau swali la mwisho. Mara nyingi mtu mwenye ulemavu huulizwa tu juu ya matatizo yake. Huenda yeye ndiye anayejua majina ya ndege wote, au ndiye anayetaka sana kufika mtoni.

Waulizeni pia wengine. Mama mjamzito, mzee mwenye shinikizo la damu na mtu mwenye kisukari wanaweza kunyamaza kwa sababu hawajioni kuwa na ulemavu. Mtu mwenye kisukari hapaswi kucheleweshwa chakula kwa sababu mpishi amekwama njiani.

Hatua ya 2: Nendeni mkapaone

Kabla ya siku ya matembezi, watu wawili au watatu waende kupakagua mahali penyewe. Mmoja wao awe mtu mwenye ulemavu. Yeye ataona mambo ambayo wengine huyaruka bila kufikiri: mtaro mdogo, mnyororo uliofungwa langoni, changarawe zinazozamisha magurudumu. Chukueni utepe wa kupimia na daftari, mkaangalie mambo yafuatayo:

Lango. Nafasi ya kupita iwe na upana wa sm 90 au zaidi. Malango mengine yana nguzo za kuzuia pikipiki, ambazo huzuia kiti cha magurudumu pia. Ulizeni kama kuna lango la pembeni, na nani ana ufunguo.

Njia. Je, ni ya lami, changarawe au udongo? Tembeeni njia nzima mkihesabu dakika. Andikeni penye mizizi, mawe au mteremko mkali. Njia iliyo nzuri mwezi wa Februari inaweza kuwa tope tupu mwezi wa Aprili, wakati wa masika.

Ngazi. Palipo na kidato kimoja au viwili, ubao imara unaweza kutosha. Kanuni inayotumiwa na wajenzi ni kwamba kila sm 1 ya kimo inahitaji sm 12 za urefu wa mteremko. Kidato cha sm 15 basi kinahitaji ubao wa sm 180. Ubao mfupi zaidi ni mkali na unaweza kukipindua kiti.

Choo. Mlango uwe na upana wa sm 80 au zaidi, na ndani pawe na nafasi ya kugeuza kiti, kama sm 150 kwa sm 150. Kama hakuna choo kama hicho, waelezeni wahusika mapema ili waamue wenyewe. Watu wengi wenye ulemavu hujinyima maji siku ya safari kwa kuogopa choo. Hilo ni hatari hasa panapokuwa na joto.

Kivuli na viti. Hesabuni viti na umbali kati yao. Kama hakuna, kila kikundi kidogo kibebe kiti kimoja cha kukunja.

Simu. Angalieni kama mtandao unapatikana katika njia yote, na andikeni nambari za askari wa bustani na za hospitali iliyo karibu. Nambari za dharura nchini Kenya ni 999 na 112.

Kiingilio. Ulizeni ni kiasi gani na kinalipwaje. Siku hizi maeneo mengi ya serikali hupokea malipo kwa simu tu, wala si fedha taslimu. Ulizeni kama msaidizi wa mtu mwenye ulemavu naye hulipa. Kama hulipa, gharama hiyo ibebwe na kikundi kizima, si na mtu mwenye ulemavu peke yake.

Hatua ya 3: Pangeni usafiri

Safari nyingi hukwama barabarani, kabla ya kufika bustanini. Matatu za kawaida huwa na haraka, na baadhi ya makondakta hukataa kiti cha magurudumu au hukitoza nauli. Kama kikundi kinaweza, kodini matatu kwa siku nzima. Elewaneni na dereva mapema juu ya muda wa kupanda na kushuka, na mahali atakaposimama.

Mtu akae kwenye kiti cha gari na kufunga mkanda, huku kiti chake cha magurudumu kimekunjwa na kufungwa imara. Asisafiri akiwa ameketi juu ya kiti cha magurudumu kisichofungwa, kwa sababu breki ya ghafla itamrusha. Anayemwinua mtu amuulize kwanza amshike wapi. Kumnyakua mtu kama gunia la mahindi kunamwumiza na kumvunjia heshima.

Hatua ya 4: Pimeni hatari bila woga

Hakuna matembezi yasiyo na hatari. Hata kijana mwenye afya anaweza kuteguka mguu. Kwa hiyo msiishie kuuliza kama kuna hatari. Ulizeni ni hatari ipi, kwa nani, na nini kitaipunguza. Chukueni karatasi, mwandike hatari upande mmoja na la kufanya upande wa pili. Kwa mfano:

• Jua kali. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hivyo jua huchoma ngozi hata siku yenye baridi. Mtu mwenye ualbino avae kofia pana, mikono mirefu na miwani ya jua, na apake losheni ya kukinga jua. Shughuli za kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri zifanyike kivulini.
• Maji. Mtu mwenye kifafa na watoto wadogo wasiwe peke yao karibu na mto au bwawa. Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mwangalizi. Jambo likiachiwa “sisi sote”, hakuna anayeangalia.
• Kupotea. Kila mtoto, na kila mtu ambaye anaweza kusahau njia, awe na karatasi mfukoni yenye nambari mbili za simu.
• Kukaa muda mrefu. Mtu asiyehisi miguu yake anaweza kupata vidonda bila kujua. Ajiinue au ageuzwe kila nusu saa, na akalie mto.
• Nyani na kima. Hufuata chakula. Msiwalishe, na chakula kikae kwenye mfuko uliofungwa.

Mkishaandika, msomeeni mtu anayehusika. Kama ni mtu mzima na ameelewa hatari iliyobaki, uamuzi wa kwenda ni wake. Kama ni mtoto, zungumzeni na mzazi pamoja na mtoto mwenyewe. Mama aliyemlinda mwanawe mwenye kifafa kwa miaka kumi hatashawishika kwa maneno matamu. Atashawishika akioneshwa karatasi yenye jina la mwangalizi, dawa, saa na nambari ya hospitali.

Mfano: siku moja katika Msitu wa Karura

Tuchukue kikundi cha watu 24. Wawili wanatumia viti vya magurudumu, mmoja haoni, mmoja ni kiziwi, mmoja ana kifafa, wazee watatu wanatumia mikongojo, na wanne ni watoto. Wanataka kwenda Karura, msitu wenye hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji la Nairobi. Una maporomoko ya maji, mapango, mianzi, kima na mbega.

Vikundi vingi vingepanga hivi: “Tunakwenda kuona maporomoko.” Lakini njia ya kuyafikia huteremka hadi bondeni. Wakipanga hivyo, watu watano au sita wataachwa juu wakilinda mifuko. Tunashauri kanuni hii: shughuli kuu ya siku ifanyike mahali ambapo wote wanaweza kufika. Mengine yawe ya hiari. Siku yao inaweza kuwa hivi:

Saa 2:00 asubuhi. Kuondoka kwa matatu mbili zenye viti 14 kila moja. Viti 4 vinavyobaki ni nafasi ya viti vya magurudumu vilivyokunjwa na mizigo.

Saa 3:00. Kufika, kwenda chooni, na kuelezana mpango. Mkalimani wa lugha ya ishara asimame penye mwanga, mbele ya kiziwi. Kama hakuna mkalimani, mpango uandikwe na ugawiwe.

Saa 3:30. Kutembea pamoja katika njia pana iliyo tambarare, kwa mwendo wa aliye taratibu kuliko wote, na kupumzika kila dakika 15. Karura ina waendesha baiskeli wengi, na kiziwi hasikii kengele nyuma yake. Kikundi kitembee upande mmoja wa njia.

Saa 4:30. Kivulini. Hii ndiyo shughuli kuu: chakula, hadithi za wazee kuhusu msitu, kutambua miti kwa kugusa magome na kunusa majani, na kuhesabu ndege kwa sauti zao. Hapa asiyeona anaweza kuwa mwalimu wa wengine.

Saa 6:30 mchana. Hiari. Wanaotaka kwenda kwenye maporomoko waende na viongozi wawili. Wanaobaki wawe na mchezo au mazungumzo yao, pamoja na viongozi wawili pia. Hakuna anayepewa kazi ya kulinda mifuko kwa sababu tu hawezi kuteremka.

Saa 8:00 alasiri. Kuhesabu watu, kukusanya takataka na kuondoka kabla ya msongamano wa jioni na mvua.

Njia panda za Karura zina nguzo zenye nambari. Viongozi wamfundishe kila mmoja kuikumbuka nambari ya mwisho aliyoipita. Mtu akipatwa na tatizo, nambari hiyo itawaongoza wasaidizi haraka. Kiziwi atume ujumbe wa simu badala ya kupiga.

Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, kama chupa za maji, sahani na mirija, haziruhusiwi katika hifadhi na misitu ya Kenya. Bebeni chupa na vyombo vya kuoshwa. Kama kuna mtu ambaye hawezi kunywa bila mrija, mtafutieni mapema mrija wa chuma au wa mpira unaooshwa.

Mambo ya kufundishana kabla ya kuondoka

Kumwongoza asiyeona. Jitambulishe kwa jina. Mwache yeye akushike mkono juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Usimvute wala kumsukuma. Mweleze kilicho mbele: “Kuna kidato kinachopanda.” Usiondoke bila kumwambia.

Kusukuma kiti cha magurudumu. Usikiguse kabla ya kuomba ruhusa, maana kiti ni kama sehemu ya mwili wa mwenyewe. Penye mteremko mkali geuza kiti na mshuke kinyumenyume, ili aliyeketi asitupwe mbele. Mkisimama, funga breki.

Mtu akipatwa na kifafa. Ondoeni mawe na vitu vigumu karibu naye, wekeni kitu laini chini ya kichwa, na mtazame saa. Msimshikilie kwa nguvu, na msitie kitu chochote mdomoni mwake, si kijiko wala kitambaa. Mitukutiko ikipungua, mlazeni ubavu. Ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Kifafa hakiambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa kumgusa mgonjwa au mate yake.

Mtu mwenye ulemavu wa akili au usonji. Mwoneshe picha za mahali siku chache kabla, na mweleze mpango kwa maneno mafupi. Teueni mahali patulivu pa kwenda kelele zikimzidi.

Mkisharudi

Kaeni pamoja ndani ya wiki moja. Waulizeni kwanza wale waliokuwa wakiachwa zamani: nini kilikwenda vizuri, na nini kibadilishwe? Andikeni majibu ili kamati ijayo isianze upya.

Kisha waandikieni wasimamizi wa bustani. Semeni mlichofurahia, kisha tajeni mambo mawili au matatu yanayoweza kurekebishwa, pamoja na vipimo: “Mlango wa choo una sm 65, kiti cha magurudumu hakipiti.” Barua yenye vipimo hufanyiwa kazi kwa urahisi kuliko lalamiko la jumla. Njia ikitengenezwa, atafaidika pia mama mwenye kigari cha mtoto, mzee na aliyevunjika mguu.

Kikundi kisichoweza kufanya yote haya kwa mara moja kianze na safari fupi: saa mbili, bustani iliyo karibu, mtu mmoja ambaye hajawahi kwenda. Safari ya kwanza ikifaulu, ya pili itakuwa rahisi zaidi.

Maswali ya majadiliano

1. Katika matembezi yetu ya mwisho, nani hakwenda? Tulimuuliza sababu, au tulimwamulia?
2. Ni mara ngapi tumelitumia neno “usalama” kumzuia mtu kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa tayari kulifanya?
3. Taja bustani au uwanja wa umma ulio karibu nasi. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu ataweza kufika hadi wapi? Nani kati yetu atakwenda na utepe wa kupimia?
4. Katika kikundi chetu, nani anajua huduma ya kwanza? Nani anajua lugha ya ishara? Nani angependa kujifunza?
5. Andikeni jina la mtu mmoja ambaye hajawahi kutembea na kikundi. Nani atakwenda kuzungumza naye wiki hii?